Kitu kinachogoma kutikisika: tetemeko linapimwaje

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, kama saa mbili hivi, Dar es Salaam ilitikisika. Watu wa maghorofani walishuka ngazi mbio hadi barabarani, na kabla hawajamaliza kuulizana "na kwenu mmesikia?", simu zilishaanza kuleta taarifa: tetemeko la ukubwa wa karibu 6, kitovu kipo baharini, kusini-mashariki mwa jiji. Taarifa nyingi zilitajwa kuwa zimetoka Idara ya Jiolojia ya Marekani, ambayo kituo chake cha matetemeko kipo Golden, Colorado. Kwenye makundi ya WhatsApp likazuka swali ambalo huzuka kila mara ardhi inapotikisika kwetu: mtu aliyekaa Colorado anajuaje kilichotokea chini ya bahari yetu, wakati sisi tuliotikiswa hatujui hata upande kilikotokea?

Wengine walilijibu kwa setilaiti, wengine kwa njama. Jibu lenyewe ni chombo kinachoitwa sismomita, na ili kukielewa inabidi kwanza uone ugumu wa kazi yake.

Ukitaka kupima mwendo wa gari, unasimama pembeni mwa barabara. Tetemeko halina pembeni. Meza inakwenda na ardhi, ukuta unakwenda na ardhi, rula uliyoipigilia ukutani nayo inakwenda, na wewe mwenye macho ya kusoma rula unakwenda pia. Vyote vikihama pamoja sentimita moja kwenda kulia, hakuna kilichosogea ukilinganisha na kingine, kwa hiyo hakuna cha kupima. Unahitaji kitu kimoja ambacho kipo hapo hapo juu ya ardhi lakini kinagoma kutikisika nayo.

Mwombe fundi ujenzi timazi yake, ile pima yenye kipande cha chuma kilichofungwa kwenye uzi. Shika uzi, iache timazi itulie, kisha peleka mkono kulia na kushoto harakaharaka, sentimita moja tu. Mkono unakwenda na kurudi, timazi imebaki pale pale au karibu na pale pale. Kitu kizito kilichotulia hakina haraka ya kuondoka, na tabia hiyo wanafizikia wameipa jina la inesha. Sasa weka kiunzi cha chuma juu ya mwamba, ning'iniza uzito ndani yake, na upime jinsi nafasi kati ya kiunzi na uzito inavyobadilika. Kiunzi kinafuata ardhi, uzito unachelewa. Huko kuachana kwao ndiko mtetemo wenyewe. Sismomita zote, kuanzia za karne ya 19 hadi ile iliyopelekwa Mars, ni wazo hili moja.

Rudia jaribio, safari hii peleka mkono polepole sana. Timazi inakufuata kama imefungwa kwenye fimbo. Ujanja umeisha. Mbaya zaidi, peleka mkono kwa mwendo uleule ambao timazi hupenda kubembea nao: itaanza kuyumba kuliko mkono wako, na ukiuacha mkono itaendelea kuyumba yenyewe. Maana yake ni kwamba penduli, yaani uzito unaoning'inia na kubembea kama timazi hiyo, husema kweli kwa mitetemo iliyo ya haraka kuliko mbembeo wake tu. Mitetemo ya taratibu haioni, na ile inayolingana na mbembeo wake inaitia chumvi. Mambo haya mawili ndiyo yaliyowahangaisha watu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Chombo cha kwanza tunachokisoma kwenye kumbukumbu hakikuhangaika nayo, kwa sababu hakikupima chochote. Mwaka 132, mwanazuoni wa China Zhang Heng alitengeneza mtungi wa shaba wenye vichwa vinane vya joka, kila kimoja na mpira mdomoni na chura wa shaba chini yake. Ardhi ikitikisika, mpira mmoja ulidondokea kwa chura. Kilitangaza kwamba kuna tetemeko na, kwa mujibu wa kumbukumbu, upande lilikotokea, basi. Ndani yake kulikuwaje hakuna ajuaye kwa hakika, ingawa vielelezo vilivyotengenezwa karne hizi za karibuni ni vingi na vinapendeza sana kwenye makumbusho.

Upimaji hasa ulianzia Japani. Tarehe 22 Februari 1880 tetemeko liliitikisa Yokohama, na mwaka huohuo walimu waliotoka Uingereza kufundisha Tokyo, wakiwemo John Milne, James Alfred Ewing na Thomas Gray, walishiriki kuunda chama cha kuchunguza matetemeko na kuanza kutengeneza vyombo vinavyochora mtetemo kadiri muda unavyokwenda. Hapo ndipo shida ya mitetemo ya taratibu ilipowakabili. Penduli ya urefu wa mita moja hubembea kwa sekunde 2, kwenda na kurudi. Mawimbi ya tetemeko la mbali hupita ardhini taratibu mno, moja huchukua sekunde 20 au zaidi. Ukitaka penduli ya kawaida ibembee kwa sekunde 20, piga hesabu: uzi wake utakuwa wa karibu mita 100. Jengo gani litaibeba?

Njia waliyoishika inafanana na geti lililofungwa kwenye nguzo iliyoinama. Nguzo ikisimama wima kabisa, geti hukaa popote unapoliacha. Ikiinama kidogo, geti hurudi lenyewe mahali pake pa chini, lakini kwa kujivuta, na kadiri uinamaji unavyopungua ndivyo linavyozidi kujivuta. Penduli iliyolazwa namna hiyo, yenye mkono mfupi wa kutosha kuwekwa juu ya meza, inaweza kubembea kwa makumi ya sekunde. Fundi anachezea skrubu ya mguu wa chombo, anainamisha kwa unywele, mita 100 za uzi zinabaki kwenye hesabu tu.

Aliyevuna matunda ya penduli hiyo hakuwa akitafuta matetemeko kabisa. Mjerumani Ernst von Rebeur-Paschwitz alikuwa na penduli ndogo za kulala, moja ikiwa Potsdam, akifuatilia ardhi inavyoinamishwa kidogo na mvuto wa mwezi na jua. Mwanga uliorudishwa na kioo cha penduli ulichora mstari kwenye karatasi ya picha. Aprili 1889 mstari ukavurugika bila sababu aliyoijua, kisha akasoma kwamba tarehe 18 mwezi huo Tokyo ilipata tetemeko. Akalinganisha saa, zikakubaliana. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameliona tetemeko la upande wa pili wa bara zima, na tangu siku hiyo haikuwa lazima tena uwepo mahali penye tetemeko ili ulipime. Alifariki mwaka 1895 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 34.

Baada yake wakaja wenye kupenda uzito. Emil Wiechert, huko Göttingen, Ujerumani, aliweka vizuizi vya kumeza mbembeo wa penduli yenyewe, ili ikishatikiswa itulie badala ya kuendelea kucheza ngoma yake. Hapo ugonjwa wa kutia chumvi ukapata dawa. Kisha akajenga penduli ya tani 17. Tani 17 za nini? Kalamu yake ilikuwa sindano inayokwangua karatasi iliyopakwa masizi, na mkwaruzo mdogo wa sindano, ukikuzwa kupitia wenzo wa kuongeza mchoro mara elfu mbili hivi, ulitosha kuuvuta uzito mwepesi. Uzito ulilazimika kuwa mkubwa mno hata usijue kama kuna sindano inayouvuta. Chombo hicho bado kipo na wageni hukitembelea.

Mrusi Boris Galitzin alitupa sindano mwaka 1906. Alifunga koili ya waya kwenye uzito, akaiweka kati ya sumaku. Koili ikisogea, umeme unazaliwa; umeme huo ndio unaosomwa, hakuna kinachogusana na kingine, na tani zikawa hazina kazi. Jiofoni, yaani sismomita ndogo za ukubwa wa ngumi, ambazo makampuni ya mafuta na gesi huchomeka ardhini kwa maelfu ni watoto wa wazo hilo.

Hatua ya mwisho, iliyokomaa miaka ya 1970 na 1980, ndiyo ninayoiona kuwa ya akili kuliko zote. Uzito ukiachwa usogee, springi inavutika, na springi iliyovutika sana haisemi kweli kama iliyovutika kidogo. Basi, wahandisi wakasema, usiachwe usogee. Bamba dogo la kapasita, kifaa cha umeme kinachohisi umbali, linautazama uzito muda wote. Ukitaka kuondoka hata kwa chembe ya mikroni, sakiti inapeleka umeme kwenye koili na kuusukuma urudi. Ardhi inavuta, koili inazuia, uzito umeganda katikati. Kinachoandikwa ni kiasi cha umeme kilichohitajika kuuzuia. Kitu kinachogoma kutikisika sasa kinasaidiwa kugoma, na bei ya mgomo ndiyo kipimo. Sismomita ya namna hii, nyepesi ya kubebwa na mtu mmoja, inasoma mtetemo wa mara nyingi kwa sekunde na vilevile wimbi linalochukua dakika mbili kupita, na mahali patulivu inahisi mwendo wa ardhi ulio chini ya sehemu moja ya bilioni ya mita.

Chombo chenye masikio hayo hakiwekwi popote. Ukitembelea kituo cha kupimia usitegemee maabara: mara nyingi ni shimo au kijumba kidogo, sakafu ya zege iliyoshikana na mwamba wa chini bila kugusa kuta, sola juu, uzio wa kuzuia ng'ombe. Ndani, sismomita imefunikwa blanketi la kuzuia joto, kwa sababu jua la saa nane likiipasha springi moto, springi hurefuka na chombo hudhani ardhi imehama. Miti mirefu haitakiwi karibu. Upepo ukiipiga, mizizi inatikisa udongo. Pembeni kuna antena ya GPS, na kazi yake kubwa ni saa. Saa ikipotea sekunde moja, wimbi limeshakwenda kilomita 6.

Hata hapo, mstari wa sismomita haunyooki kamwe. Mawimbi ya bahari yanapogongana huko baharini husukuma sakafu ya bahari, na msukumo huo husafiri ardhini hadi katikati ya bara, wimbi moja kila sekunde tano hadi nane, usiku na mchana. Juu yake kuna sisi: malori, jenereta, mashine za kusaga, miguu yetu. Mchana mstari unanenepa, usiku unakonda. Mwaka 2020 watu walipofungiwa ndani kwa ajili ya korona, vituo vingi duniani viliona kelele hiyo ya binadamu ikishuka, penginepo hadi nusu, kwa wiki na miezi.

Tetemeko linajitokeza ndani ya kelele hizo kwa mwandiko wake. Kwanza mstari unaruka ghafla, si kwa ukubwa: hilo ni wimbi la P, linalosukuma na kuvuta kama sauti, na kwenye miamba ya juu hukimbia kilomita 6 hivi kwa sekunde. Halafu utulivu mfupi. Kisha unakuja mruko mkubwa zaidi, wimbi la S, linalotikisa ubavuni na kwenda kilomita tatu na nusu hivi. Mwisho hupita mawimbi ya juu ya ardhi, makubwa na ya polepole. Hesabu sekunde kati ya P na S, zidisha kwa 8, umepata umbali kwa kilomita. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilitokea kama kilomita 110 kutoka kituo cha Mbarara, Uganda. Kwa kanuni hiyo P na S hupishana hapo kwa sekunde 13 au 14. Lakini sekunde hizo zinakupa umbali tu, hazikupi upande. Kwa hiyo unachora duara kuizunguka Mbarara, unachora jingine kuzunguka kituo cha pili na cha tatu, na pale yanapokatana ndipo penye kitovu. Kompyuta siku hizi hufanya hivyo kwa vituo mamia, lakini hesabu ni ileile.

Sasa swali la Colorado. Tetemeko la baharini karibu na Dar es Salaam linafika Kilimambogo, Kenya, baada ya dakika moja na nusu hivi. Kituo cha hapo hutuma data yake moja kwa moja, na wenye kompyuta Marekani, Ujerumani au Nairobi huipokea pamoja. Kwa hiyo Colorado wanaambiwa na mlima ulio karibu na Thika, kisha wanatuambia sisi. Na Kilimambogo haikuwekwa kwa ajili ya matetemeko peke yake: ni kati ya vituo vya mtandao wa mkataba wa mwaka 1996 wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia. Bomu lililolipuliwa chini ya ardhi husukuma pande zote kwa pamoja, likatoa P kali na S dhaifu. Mwamba unaochanika kwa kuteleza hutoa S nene. Ukishaiona michoro ya aina hizo mbili imewekwa sambamba, huichanganyi tena.

Novemba 11, 2018, mchana, Kilimambogo ilichora kitu ambacho hakikufanana na bomu wala tetemeko. Hapakuwa na P ya kuruka wala S ya kueleweka, ila wimbi moja laini linalojirudia kila sekunde 17 hivi, kwa zaidi ya dakika 20. Hakuna binadamu aliyelihisi. Lilizunguka dunia, likaonekana Chile, Canada hata New Zealand, na waliolishtukia mapema ni watu wanaofuatilia michoro hiyo mtandaoni kwa mapenzi yao tu. Chanzo kilikuwa karibu na Mayotte, kisiwa cha funguvisiwa la Komoro, kilomita kama 1,500 kutoka Kilimambogo. Tangu Mei mwaka huo wakazi wa huko walikuwa wakitikiswa mfululizo, na vipimo vya GPS vilionyesha kisiwa kizima kinasogea mashariki na kudidimia. Mei 2019 meli ya utafiti ya Ufaransa ilipopima sakafu ya bahari, kilomita 50 hivi mashariki ya Mayotte, ilikuta volkano mpya yenye kimo cha mita 800 hivi mahali ambapo ramani za awali hazikuonyesha mlima. Leo inaitwa Fani Maoré. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba hifadhi kubwa ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ndani kabisa, ilikuwa ikijimwaga, na mtikisiko wake ukalia kwa sauti moja nene. Penduli ya kawaida ya mwaka 1880 isingeliona wimbi la sekunde 17 hata lingepita chini yake.

Baada ya habari kama hiyo watu huuliza mbona vyombo hivi havitabiri. Havitabiri, na anayekutumia ujumbe wa "tetemeko jingine kubwa leo saa sita usiku" anakudanganya, awe anajua au hajui. Sismomita inaandika kilichokwisha kuanza. Kwa volkano kuna nafuu, maana magma ikipanda hupasua miamba njiani na kusikika. Ndiyo kazi ya kila siku ya kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, Kongo. Lakini Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, dalili za wazi kwenye vyombo zilianza kama dakika 40 tu kabla ya lava kutoka. Magma ilikuwa tayari karibu na juu, haikuwa na mengi ya kupasua. Siku zilizofuata ndizo chombo kilipofaa zaidi: vitovu vya matetemeko vilisogea kusini kupita chini ya Goma kuelekea Ziwa Kivu, na tarehe 27 sehemu ya mji ikaamriwa kuhama.

Simu yako nayo ina uzito unaogoma, kipande cha silikoni kisichoonekana kwa macho, kilichoshikwa na vispringi vya silikoni hiyohiyo. Ndicho kinachojua umeilaza simu au umeisimamisha. Wimbi la Mayotte isingelisikia, ina kelele mno, ila kwa mtikisiko mkali wa karibu inatosha, na tangu 2020 Google imekuwa ikikusanya ishara za simu za Android zilizotulia mezani ili kutambua tetemeko ndani ya sekunde chache.

Kinabaki kile cha "kipimo cha Richter", ambacho redio zetu hazitaki kukiacha. Charles Richter alikitengeneza mwaka 1935 kwa ajili ya aina moja ya chombo, California: mchoro ukiwa na kimo cha milimita moja kwenye kituo kilicho kilomita 100 kutoka kitovu, hilo ni tetemeko la 3. Kila namba moja inayoongezeka ni mchoro mkubwa mara 10, na nishati kama mara 32. Kwa matetemeko makubwa kanuni ile hushindwa, ndiyo maana siku hizi hupigwa hesabu nyingine, inayoanzia kwenye eneo la mwamba lililoteleza na umbali lilioteleza. Namba zimepangwa zikaribiane na za zamani, na kwa kuwa kila taasisi hutumia vituo vyake, moja itasema 5.9 na nyingine 6.0 bila yeyote kusema uongo.

Na namba hiyo ni moja kwa tetemeko zima. Haisemi wewe ulitikiswa kiasi gani. Mtu wa Bukoba na mtu wa Mwanza walipata 5.9 ileile mwaka 2016, nyumba zikaanguka kwa mmoja na si kwa mwingine. Kutikiswa kwa mahali kunapimwa kwa skeli tofauti, ya namba za Kirumi kuanzia I hadi XII, ambayo haikuhitaji chombo: vyombo vya kabati viligongana? plasta ilipasuka? mlishindwa kusimama? Idara ileile ya Marekani ina fomu mtandaoni ya kuuliza hayo, inajazwa na yeyote, popote. Kwa ukanda wetu, ambako kati ya sismomita moja na nyingine kunaweza kuwa na mamia ya kilomita, majibu ya watu waliotikiswa huziba mapengo mengi kwenye ramani.